Wali wa Kuviringishwa

Wengi wasikiapo neno sushi hufikiri samaki mbichi. Sivyo: sushi ni wali uliotiwa siki, na ule wa kuviringishwa Wajapani huuita makizushi.

Pika vikombe 2 vya mchele mfupi unaonata. Wali ukiwa bado moto, uchanganye taratibu na siki vijiko 4 vya mezani, sukari vijiko 2 na chumvi kijiko 1 cha chai. Kisha upepee upoe. Tandaza karatasi ya mwani mkavu juu ya mkeka mdogo wa mianzi, au kitambaa safi. Lowesha mikono, sambaza wali, ukiacha sentimita 2 ukingoni. Panga juu yake vipande vyembamba vya tango na mayai ya kukaanga, viringisha ukikaza, kisha kata vipande 8 kwa kisu kilicholoweshwa.

Lakini nawasihi, akina mama, nanyi askari mnaojipikia kambini: samaki wa ziwa au mto asiliwe mbichi. Huenda akawa na minyoo, na siki haiiui. Mpike aive ndipo umviringishe. Wajapani wenyewe huviringisha hata tango tupu. Chakula kizuri ni kile ambacho waliokila huamka salama.