Dawa ya Wasiwasi wa Mtoto Ianzie kwa Mzazi

Mwaka 2019 mwanasaikolojia tiba wa Chuo Kikuu cha Yale, Eli Lebowitz, na wenzake walitoa matokeo ya utafiti unaostahili kusomwa mbali zaidi ya Marekani. Watoto 124 wa miaka 7 hadi 14, wote wakiwa na wasiwasi uliofikia kiwango cha ugonjwa, waligawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza lilipewa tiba ya mazungumzo iliyozoeleka, mtoto na mtaalamu wake. Katika fungu la pili mtoto hakutibiwa na mtaalamu yeyote: walioitwa ni wazazi, kwa vikao 12. Mwishoni, watoto wa mafungu yote mawili walikuwa wamepata nafuu inayolingana.

Mtoto anayeogopa humkimbilia mkubwa, na mkubwa kwa huruma humwondolea kinachomtisha. Anamjibia wageni wanapomsemesha, analala naye, anamruhusu asiende shule leo, na kesho tena. Kila msaada wa namna hiyo humthibitishia mtoto kwamba kweli hawezi. Lebowitz aliwafundisha wazazi kuuondoa taratibu, huku wakimwambia mtoto mambo mawili kwa pamoja: tunaona unaogopa, na tunajua utaweza.

Tuipeleke hoja hiyo Mpitimbi, kata ya wakulima katika Halmashauri ya Wilaya ya Songea, mkoani Ruvuma, Tanzania. Huduma ya afya ya akili kwa watoto wa huko ianzie wapi? Jibu linalotolewa kila mara ni kuongeza wataalamu, na sina ugomvi na jibu hilo. Lakini hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, Mirembe, iliyofunguliwa mwaka 1927, iko Dodoma, na wataalamu wa fani hii bado wamerundikana katika miji mikubwa. Mtoto wa darasa la nne anayeumwa tumbo kila asubuhi ya shule hatasafirishwa hadi Dodoma. Atapimwa malaria zahanati, asikutwe nayo, arudishwe nyumbani. Naamini huko nyumbani ndiko pa kuanzia, na wa kwanza kushughulikiwa awe mkubwa.

Msomaji wa Songea atanikatiza hapa: mzazi wa kwetu hana tatizo la kudekeza. Ni kweli, na ndiyo maana mpango wa Yale hauwezi kubebwa mzimamzima. Mwaka 2018 mtafiti Mtanzania Mabula Nkuba, pamoja na Katharin Hermenau na Tobias Hecker wa Ujerumani, walichapisha utafiti wa kitaifa uliowahoji wanafunzi 700 wa sekondari na wazazi au walezi 333. Zaidi ya asilimia 90 ya wanafunzi walisema wazazi wao waliwaadhibu kwa ukatili ndani ya mwaka mmoja uliopita, na zaidi ya asilimia 80 ya wazazi walikiri kufanya hivyo. Miaka minne kabla, Hecker na wenzake walikuwa wamewahoji watoto 409 wa shule moja ya msingi nchini. Karibu robo yao walikuwa wamewahi kuchapwa hadi wakaumia.

Tafiti za aina hii huonyesha kwamba ukatili na matatizo ya kihisia huenda pamoja. Hazithibitishi peke yake kipi kilitangulia. Mtoto mwenye wasiwasi husahau alichotumwa, hukojoa kitandani, hugoma kwenda shule, na kwa hayo huchapwa zaidi. Nakubali hilo, na kwangu linaipa hoja nguvu zaidi. Mzazi wa Marekani anayemficha mtoto mgongoni na mzazi wa Songea anayeshika fimbo wote wanaijibu hofu ya mtoto kwa namna inayoikuza. Mmoja anamwambia hutaweza, mwingine anamwongezea kitu kipya cha kuogopa. Palipo na kitanzi kama hicho, mwenye uwezo wa kukikata ni mkubwa. Mtoto wa miaka tisa hawezi.

Pingamizi zito kuliko hilo ni la umaskini. Ruvuma ni mkoa wa mahindi, na bei ya mahindi huingia hadi chumbani. Serikali ilipozuia kuuza mahindi nje ya nchi mwaka 2017, bei ilianguka, na mkulima aliyekuwa amekopa mbolea akabaki na magunia yasiyolipa deni. Katika nyumba hiyo baba hasemi na mtu, mama anahesabu madebe yaliyobaki, na mtoto anayeomba daftari anajibiwa kwa kofi. Kumwita baba huyo kwenye semina ya malezi bila kugusa deni lake ni kumwongezea fedheha.

Wachumi wana ushahidi wa kuunga mkono upande huo. Johannes Haushofer, Robert Mudida na Jeremy Shapiro waliwafuatilia watu 5,756 wa vijijini Kenya. Wengine walipewa fedha taslimu, wengine wiki tano za tiba ya kisaikolojia, wengine vyote viwili. Baada ya mwaka, fedha zilikuwa zimeboresha maisha na hali ya moyo. Tiba peke yake haikuonyesha badiliko. Matokeo hayo yalipotoka mwaka 2020 wapo waliohitimisha kwamba maskini anahitaji pesa, si maneno.

Mimi sifiki huko. Watu wa utafiti ule hawakuchaguliwa kwa sababu ya mateso ya moyo. Wengi walipewa dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao. Mjini Harare, Dixon Chibanda aliwaweka akina mama wa mtaani, wengi wao bibi, kwenye mabenchi ya zahanati wawasikilize watu waliopimwa na kukutwa na dalili. Jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha nafuu kubwa baada ya miezi sita. Nionavyo, kilichosaidia pia ni kwamba wale bibi walimwongoza mtu kulichagua tatizo moja, liwe deni, mume au kodi ya nyumba, na kulitafutia hatua ya kwanza.

Eneo la Songea si geni kwa utaratibu kama huo. Mwanaanthropolojia Philip Gulliver, aliyeishi na Wandendeule wa huko miaka ya 1950 na kuandika kitabu juu yao mwaka 1971, alieleza jinsi ugomvi ulivyoletwa mbele ya ndugu na majirani wa pande zote, pasipo hakimu wa kulazimisha, wakazungumza hadi wakaafikiana. Kuna watakaosema basi turudishe baraza hilo, yatosha. Haitoshi. Kwenye baraza la wakubwa mtoto hana msemaji, na aliyemchapa ni mmoja wa walioketi. Anahitajika mtu mwenye ruhusa ya kuingia ndani ya nyumba bila kuwa polisi wala mtendaji wa kata.

Mtu huyo yupo kwenye karatasi. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga wahudumu 137,294 kwa miaka mitano. Kazi yao ni kuzunguka kaya kwa kaya wakiuliza habari za ujauzito, chanjo na lishe. Nataka waongezewe maswali machache juu ya usingizi, woga na kipigo, na mafunzo ya kukaa na mzazi kwa vikao kadhaa. Jaribio la Nkuba na wenzake kwa walimu wa shule nane za sekondari lilipunguza ukatili wao kwa mafunzo ya siku chache tu. Sioni kwa nini mzazi ashindwe anachoweza mwalimu.

Vikao viwekwe baada ya mavuno, Julai hadi Septemba, mahindi yakiwa ghalani. Januari mbolea na sare za shule humkamata mzazi kwa pamoja, hana masikio ya kusikiliza. Kaya maskini zinazopokea ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) zitangulie, ili fedha na mazungumzo vifike nyumba moja. Tena mhudumu aende saa ambayo baba yupo. Mipango ya malezi imezoea kumwita mama, ambaye mara nyingi naye anaogopa fimbo ileile, kisha ikamtaka yeye ndiye abadilike.