Ajali na Uzembe

Methali zetu ni hazina, lakini hazina yoyote yaweza kutumiwa vibaya. Katika mitaa ya Eastlands, mjini Nairobi, methali inayotumiwa vibaya kuliko zote ni ile isemayo kwamba ajali haina kinga. Hutamkwa Kayole na Dandora, hutamkwa Umoja na Buruburu, kila mara pikipiki ilalapo barabarani na mtu akalala kando yake asiamke. Watu hukusanyika, hutikisa vichwa, hutamka methali hiyo, kisha hutawanyika. Hakuna aulizaye kama breki zilikuwa zikishika. Hakuna ainamaye kulitazama tairi. Methali imekwisha kutoa hukumu, na lawama ametwishwa Mungu.

Nasema kwamba hukumu hiyo ni ya uongo, na kwamba inaua. Neno ajali limetoka katika lugha ya Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa, hasa muda wa mwisho wa uhai wa mtu. Lahusu jambo ambalo binadamu hawezi kuliona kabla halijamfika, kama radi ipigayo au mti uangukao usiku. Halihusu waya wa breki uliokuwa ukichanika uzi mmoja mmoja kwa muda wa miezi mitatu, mbele ya macho ya mwenyewe. Jambo hilo lina jina lake katika Kiswahili, nalo ni uzembe. Kuuita uzembe ajali ni kuandika deni la mwanadamu katika daftari la Mwenyezi Mungu.

Tuangalie kwanza jinsi pikipiki zilivyoenea kwetu. Kazi ya bodaboda ilianzia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia, ambako waendesha baiskeli waliwavusha abiria na mizigo; jina lenyewe ni neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, lililotamkwa mara mbili kwa ulimi wetu. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika pikipiki ndogo, zile ambazo injini zake hazifiki sentimita za ujazo 250. Bei ikashuka, na pikipiki zikamiminika. Leo, kutoka Barabara ya Jogoo hadi Barabara ya Kangundo, ni shida kupata njia panda isiyokuwa na kituo cha bodaboda. Hilo si jambo la kulaumu. Vijana wengi wamepata kazi ya halali, na mama mwenye uchungu wa kuzaa hufikishwa hospitali usiku kwa njia ambazo gari haliwezi kupita. Simlaumu mtu kwa kuwa na pikipiki. Namlaumu kwa kuipanda asubuhi bila ya kuikagua.

Watetezi wa methali watanijibu kwamba barabara zina mashimo, kwamba madereva wa matatu hawamjali mtu, na kwamba wakati wa masika udongo mweusi wa Eastlands huchukuliwa na magurudumu mpaka juu ya lami ukawa utelezi mtupu. Yote hayo ni kweli, wala sitayapinga. Lakini hoja hizo zanitetea mimi kuliko zinavyowatetea wao. Mwendeshaji hawezi kuziba mashimo ya barabara peke yake, wala hawezi kumtia adabu dereva wa matatu. Breki zake, tairi lake, na mwendo wake vi mikononi mwake. Ikiwa barabara ni mbaya, basi hiyo ndiyo sababu ya breki kuwa nzuri. Baharia hasemi, "Bahari imechafuka, basi niache mashua yangu ivuje."

Wewe mwanafunzi umefundishwa fizikia darasani. Hebu itumie hapa. Pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa husafiri karibu mita 17 katika kila sekunde. Mwendeshaji akiona mtoto anavuka, huhitaji kiasi cha sekunde moja kabla mkono wake haujaivuta breki. Katika sekunde hiyo amekwisha kwenda mita 17, na breki haijaanza kazi. Kwa mwendo wa kilomita 30 angalikwenda mita 8 tu. Isitoshe, mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya mwendo huzidi mara nne, na umbali wa kusimama baada ya breki kushika huzidi mara nne vilevile. Kuugonga ukuta kwa mwendo wa kilomita 30 ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita tatu na nusu, yaani kutoka ghorofa ya kwanza. Kuugonga kwa kilomita 60 ni sawa na kuanguka kutoka mita 14, yaani kutoka ghorofa ya nne. Majumba ya ghorofa yamejaa Umoja na Kayole. Yatazame, kisha uulize ni nani angekubali kuruka kutoka ghorofa ya nne ili afike kituoni dakika tatu mapema. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa mbio hizi ni hospitali au kaburi.

Sasa tuje kwenye pikipiki yenyewe. Ukaguzi wake wa asubuhi hauchukui zaidi ya dakika tano, wala hauhitaji elimu ya chuo. Tairi hupimwa upepo kabla ya safari ya kwanza, lingali baridi, kwa kuwa likipata joto kipimo hudanganya. Lililokuwa kipara halifai hata kama bado lashika upepo, maana meno yake ndiyo yanayoyapisha maji ya mvua ili mpira uiguse lami. Mnyororo hubonyezwa katikati, upande wa chini, ukatazamwa wacheza kiasi gani. Kila pikipiki ina kipimo chake katika kitabu chake, lakini kwa pikipiki nyingi zinazobeba abiria ni kati ya milimita 20 na 30, yaani kama upana wa vidole viwili. Ukilegea mno waweza kuruka nje ya meno yake na kulifunga gurudumu la nyuma katikati ya mwendo. Ukikazwa mno hujila wenyewe mpaka ukakatika. Breki hujaribiwa pikipiki ikisukumwa kwa mikono, ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Taa nyekundu ya nyuma hutazamwa kwa kuisimamisha pikipiki karibu na ukuta: breki ikikanyagwa, ukuta nao uwe mwekundu zaidi. Mafuta ya injini hupimwa, na nati za magurudumu huguswa. Hayo ndiyo yote. Waya mpya wa breki huuzwa kwa sehemu ndogo ya mapato ya siku moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa namna hii hujengwa kwa mifupa ya watu.

Mbaya zaidi kuliko kutokukagua ni kuharibu kwa makusudi na kuuita uharibifu huo ujanja. Wako wanaoving'oa vioo vya pembeni ili wapenye kati ya magari, wakajifanya vipofu wa nyuma. Wako wanaosimika mwavuli mrefu unaoshika upepo kama tanga la jahazi na kuipeperusha pikipiki upande usiokusudiwa. Wako wanaotoa gia na kuzima injini katika mteremko ili kuokoa petroli, na kwa kufanya hivyo huipoteza breki ambayo injini huwapa bure. Na wako wengi wasiothubutu kuigusa breki ya mbele, kwa sababu waliambiwa kituoni kwamba hupindua pikipiki. Waliowaambia waliwapotosha. Pikipiki ikisimamishwa, uzito huhamia mbele, na gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu kubwa ya kusimamisha. Breki hiyo hupindua ikinyakuliwa kwa ghafula, hasa juu ya mchanga au matope au gurudumu likiwa limepindwa; ikibanwa taratibu, pamoja na ile ya nyuma, huokoa maisha. Asiyeitumia ameacha sehemu kubwa ya kinga yake ikining'inia kwenye usukani.

Tena iko kofia ngumu, ambayo wengi huiita helmeti. Sheria ya Trafiki ya Kenya, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, yamlazimisha mwendeshaji na abiria wake kuvaa helmeti na jaketi linaloakisi mwanga. Na pikipiki hairuhusiwi kubeba abiria zaidi ya mmoja. Watu huidharau sheria hii kana kwamba ilitungwa ili kuwasumbua maskini. Yafaa wajue ilikotoka hekima yake. Mwezi wa Mei mwaka 1935, Mwingereza maarufu aliyeitwa T. E. Lawrence alianguka kutoka kwenye pikipiki yake huko Uingereza, akaumia ubongo, akafa baada ya siku sita. Alikuwa amepona katika vita vya jangwani, akauawa na barabara ya kijijini, bila helmeti kichwani. Miongoni mwa madaktari walioitwa kumtibu alikuwako Hugh Cairns, tabibu wa upasuaji wa ubongo. Daktari huyo hakutikisa kichwa akasema ajali haina kinga. Aliuliza swali, akawachunguza wapanda pikipiki walioumia vichwa, na mwaka 1941 akatoa maandishi yaliyoonyesha faida ya helmeti. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha tarishi wake wa pikipiki kuivaa. Mwaka 2008 wataalamu waliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali walikadiria kwamba helmeti huipunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Je, kitu kipunguzacho mauti kiasi hicho si kinga?

Lakini helmeti iliyotundikwa kwenye usukani humlinda usukani. Isiyofungwa ukanda wa kidevu huruka kabla ya kichwa kufika chini. Iliyokwisha kugongwa mara moja kwa nguvu haifai tena, kwa kuwa ndani yake mna tabaka laini linalojisaga ili kichwa kisisagike, na likijisaga halirudi. Abiria hukataa helmeti ya kituoni kwa kuogopa uchafu wa vichwa vya wenzao. Hofu hiyo ina haki yake, na dawa yake ni rahisi: leso safi ya kufunga kichwani, au helmeti yako mwenyewe. Anayenunua simu ya bei kubwa kisha akasema hana fedha ya helmeti ametuambia mwenyewe anachokithamini.

Wala lawama isimwangukie mwendeshaji peke yake. Kijana wengi wao hupanda pikipiki ya mtu mwingine, naye mwenye mali hudai malipo yake kila jioni bila ya kuuliza habari za breki. Mwenye mali huyo, alaye faida asitoe senti ya matengenezo, ni mshirika katika kila kifo kitokacho kwenye pikipiki yake. Mshirika wa pili ni mzazi ambaye huwapakia watoto watatu juu ya pikipiki moja kwenda shule, mdogo akikalia tangi la petroli. Ndugu zetu wa Tanzania huiita safari ya namna hiyo mshikaki. Ni mzaha wenye ukweli wa kutisha: nyama juu ya kijiti. Mshirika wa tatu ni abiria asemaye, "Kaza mwendo, nimechelewa." Huyo hununua haraka kwa shilingi zake, kisha barabarani hulia kwamba ameonewa na bahati.

Enyi vijana mnaosoma maneno haya, baadhi yenu mtakuwa waendeshaji, na karibu nyote ni abiria. Msidhani kwamba abiria hana uwezo. Bodaboda huishi kwa nauli, na nauli iko mfukoni mwenu. Kabla hujapanda, tazama mambo manne: tairi, helmeti mbili, vioo, na taa ya nyuma. Likikosekana moja, sema kwa adabu, "Kaka, samahani, hii siipandi," kisha uende kwa mwingine. Atakucheka leo. Akikataliwa na watu kumi, kesho atakwenda kwa fundi. Askari wa barabarani aweza kuhongwa, na sheria yaweza kusahauliwa, lakini mwendeshaji hawezi kuishi bila abiria.

Basi tuirudishie methali heshima yake. Litokeapo jambo ambalo hakuna jicho lingaliweza kuliona wala mkono kulizuia, hapo tuseme ajali haina kinga, na tuwafariji waliofiwa. Lakini pikipiki ikilala tena barabarani, tuiname kwanza. Tulitazame tairi, tuuvute waya wa breki, tuuguse mnyororo, tuulize ilibeba watu wangapi na ilikwenda mwendo gani. Tukikuta kosa, tulitaje kosa hilo kwa jina lake mbele ya kituo kizima, hata kama aliyelitenda ni rafiki yetu. Walio hai hawatajifunza kitu kwa jambo linaloitwa bahati mbaya, lakini waya uliochanika watauona, na kesho asubuhi watautazama wa kwao.