Chungu cha Supu na Wachumaji Wetu



Katika kurasa hizi tumezoea kusema habari za miche, za palilio, za majamvi ya kuanikia na za bei. Leo twaomba ruhusa yenu tuseme habari za jikoni. Huenda baadhi yenu mkacheka, mkasema kwamba mambo ya supu ni ya wake zetu wala hayana nafasi katika gazeti la wakulima wa karafuu. Twawaombeni msome mpaka mwisho, kisha mpime wenyewe.

Tunalotaka kusema ni hili. Chungu cha supu cha nyumbani, ambacho zamani hakikukosa kuchemka mitaani mwetu, sasa kinaanza kupotea. Na mahali kinapopotea kwa hasara kubwa zaidi ni mashambani, wakati wa kuchuma. Rai yetu ni kwamba kila mwenye mikarafuu akirudishe, kwa ajili ya watu wa nyumba yake, jirani zake, na wale wanaompandia miti yake.

Kwanza tukumbushane jinsi mwaka wetu ulivyokuwa ukienda na supu zake.

Masika yakiingia, tangu mwezi wa Machi mpaka Mei, kuni hulowa na njia hujaa matope. Mama mwenye busara alikuwa ameweka makumbi na vifuu vikavu mahali pasipovuja. Wakati huo supu ilikuwa ya kunde au ya choroko, iliyotiwa tui la nazi na kipande cha ng'onda ili ipate ladha. Mtu akishikwa na homa au mafua, alichinjiwa kuku wa kienyeji, akapikiwa supu yenye tangawizi, thomu na pilipili manga. Mzazi naye, katika siku zake arubaini, hakukosa bakuli la supu ya moto asubuhi, na mara nyingi bakuli hilo lilitoka nyumba ya pili au ya tatu.

Kipupwe kikifika, kusi huvuma, bahari huchafuka na asubuhi huwa na baridi. Basi watu waligeukia mbuzi na makongoro ya ng'ombe. Makongoro hayataki haraka. Huwekwa usiku juu ya moto mdogo, na alfajiri mifupa imekwisha toa utomvu wake wote. Humo wengine wakatia ndizi mbichi, wengine mbatata, wengine muhogo, na mtu akinywa bakuli moja aliweza kushika jembe mpaka adhuhuri.

Kaskazi ikivuma na bahari ikitulia, samaki walikuja kwa wingi. Supu ya changu haina kazi nyingi: chumvi, kitunguu, tungule moja au mbili, pilipili mbichi, na ndimu au embe mbichi ya kutia ukali. Na bamvua likitoka, watu hushuka mwambani kutafuta pweza. Pweza hupigwapigwa mpaka alainike, kisha huwekwa jikoni bila maji mengi, kwa kuwa mwenyewe hutoa maji yake. Siku hizi viko vijiji kisiwani Pemba vinavyoufunga mwamba kwa muda ili pweza wakue, ndipo wauvunde tena. Hilo ni jambo la kusifiwa, kwa maana bila ya pweza mkubwa hakuna supu ya pweza.

Na mwezi wa Ramadhani, ambao hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wetu huu wa jua, huzipitia nyakati zote hizo. Mtu aliyeishi miaka 33 hivi amefuturu kwa supu ya kila majira: ya kunde katika mvua, ya makongoro katika baridi, ya samaki katika joto. Na kila jioni ya mwezi huo mtoto hutumwa na bakuli lililofunikwa kawa, alipeleke kwa jirani. Naye jirani hairudishi bakuli tupu.

Hiyo ndiyo supu tuliyoikuta. Ilikuwa chakula, na pia ilikuwa ndiyo njia ya kujuana hali. Ukipelekewa bakuli ulijua kwamba hukusahauliwa, na bakuli lisipokuja ulijua kwamba nyumba ile ina shida, ukaenda kuuliza.

Leo mambo yamegeuka. Asubuhi watu wengi hunywa chai ya sukari na kipande cha mkate, wakatoka. Ajisikiaye hamu ya supu huinunua barabarani, akainywa peke yake kwa haraka. Jikoni mwetu mifupa hutupwa, na ladha hununuliwa dukani kwa vidonge vilivyofungwa katika karatasi. Na hapa ndugu zetu tutawaambia kweli hata kama inachoma: ni aibu kwa mkulima wa karafuu kuuza karafuu yake yote mpaka punje ya mwisho, kisha akatumia fedha zile zile kununua kidonge cha kutia harufu chunguni.

Karafuu si mwenyeji hapa. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika nchi ambayo leo ni Indonesia, nayo ililetwa kwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya zao hili. Basi miti hii imetulisha vizazi vingi. Je, ni haki tuijue kwa mizani tu, tusiijue kwa ulimi?

Bibi zetu walijua kuitumia. Hawakuitupa karafuu katika maji baridi. Waliikaanga kidogo katika mafuta pamoja na kitunguu, au waliitia katika supu yenye mafuta ya mifupa. Na sababu ipo. Harufu ya karafuu hutokana na mafuta yaliyomo ndani yake, na mafuta hayo huyeyuka katika mafuta mwenzake kuliko yanavyoyeyuka katika maji. Tena walitia chache. Punje tano zatosha chungu cha nyumbani. Ukizidisha, supu huwa chungu na ulimi hufa ganzi, kama ajuavyo kila aliyewahi kuweka karafuu kwenye jino linalouma. Hatusemi mtu afiche magunia. Twasema punje tano.

Sasa tuje kwenye shamba.

Msimu ukiingia, kwa kawaida katika nusu ya pili ya mwaka, karafuu haingoji. Kikonyo kikishaiva, lazima kichumwe kabla ua halijafunguka, ama sivyo thamani yake hupotea. Ndiyo maana watu hutoka majumbani usiku usiku, wanaume, wanawake na vijana, wengine kutoka vijiji vya mbali wakalala kambini. Mchana ni kupanda na kuchuma, jioni ni kuchambua vikonyo na makonyo, na kesho yake ni kuanika. Huo ndio wakati mwili unapohitaji chakula kuliko nyakati zote za mwaka, na ndio wakati chungu kinapokuwa kimepoa, kwa sababu mpishi mwenyewe naye yuko shambani.

Tutasema habari moja, nayo ni yetu sisi wenyewe, ili asije mtu akadhani twamnyooshea kidole mwengine. Mwaka mmoja wa mavuno mazuri tulikuwa na wachumaji shambani mwetu, na haraka ilikuwa nyingi, kwa kuwa mvua ya vuli ilionekana imekaribia. Tuliwapa chai na mkate alfajiri, tukaona tumetimiza wajibu. Ilipokaribia saa nane mchana, kijana mmoja aliteleza kutoka katika mkarafuu mrefu. Mwenyezi Mungu alimsitiri. Alivunjika mkono na hakufa. Tulipomwinua tuliona miguu yake inatetemeka. Mama mmoja mzee aliyekuwa akichambua karibu yetu alimtazama, kisha akatutazama sisi, akasema, "Mtoto huyu ana njaa." Hakusema zaidi. Hatuwezi kuapa kwamba njaa ndiyo iliyomwangusha, maana tawi huteleza hata kwa aliyeshiba. Lakini hatukuweza pia kuapa kwamba siyo, na hilo ndilo lililotunyima usingizi. Jioni ile tulikuwa na magunia yetu, na yule kijana hakuweza kuchuma tena msimu mzima.

Mwaka uliofuata tuliweka chungu. Tangu hapo hatujakiondoa.

Wako watakaosema kwamba huo ni ukarimu usio na hesabu, kwamba mchumaji hulipwa kwa pishi au kwa kilo, na ujira wake ndio chakula chake. Twajibu kwamba hesabu ndiyo tunayoifanya. Mchumaji mwenye njaa hufanya haraka ateremke, na mwenye haraka huvunja matawi. Na tawi lililovunjika leo halitazaa msimu ujao. Mwenye njaa huchanganya mabichi na yaliyopita, na karafuu mbaya hushusha daraja. Tena mchumaji anajua ni shamba lipi lina chungu na lipi halina. Karafuu zikiiva mashamba yote kwa pamoja na wachumaji wakiwa haba, atakwenda wapi?

Wengine watasema kwamba nyama ni ghali. Ni kweli, wala hatukusema kila siku iwe mbuzi. Mifupa ya ng'ombe kwa muuza nyama hupatikana kwa bei nafuu kuliko mnofu. Siku nyengine iwe kunde na tui, siku nyengine dagaa au kichwa cha samaki. Muhogo uko mashambani mwetu, nazi ndizo hizo juu ya vichwa vyetu. Na kuni zisiwe matawi ya mikarafuu. Makumbi, vifuu na makuti makavu vyatosha.

Wako pia wake zetu watakaosema, na haki ni yao: "Nani atakipika? Sisi tunachuma, tunachambua, tunaanika, tunalea. Na sasa mwatuongezea chungu?" Hili ndilo jambo ambalo wanaume hulipita kwa kimya. Rai yetu ni kwamba mpishi wa kambi ahesabiwe kuwa mfanya kazi wa kambi. Alipwe sawa na anavyopata mchumaji wa kadiri kwa siku ile, wala asitakiwe kuchuma. Na kama mpishi ni mwanamume hakuna dhambi. Mabaharia wetu wamejipikia vyomboni tangu zama za majahazi, na hapana aliyewacheka.

Kwa wale wanaotaka kuanza, hivi ndivyo tunavyofanya sisi kwa watu ishirini. Twachukua mifupa yenye nyama kiasi cha kilo tano, twaiosha, twaitia katika sufuria kubwa pamoja na maji lita kumi na tano, na kuiweka motoni tangu usiku. Povu likipanda twalitoa. Moto ukiwa mdogo twaiacha mpaka alfajiri. Kisha twakaanga vitunguu maji kilo moja katika mafuta kidogo, pamoja na thomu, tangawizi iliyotwangwa, bizari nzima kijiko kimoja na karafuu kumi, tukavimimina ndani. Muhogo uliomenywa kilo tano hufuata, na ukiiva supu iko tayari. Chumvi hutiwa mwishoni, na ndimu kila mtu hujikamulia mwenyewe. Bakuli moja kabla ya kupanda, na bakuli la pili adhuhuri. Faida nyengine ni kwamba maji yaliyochemka usiku kucha hayaogopwi, na katika kambi ambako kisima hutumiwa na watu wengi, hilo si jambo dogo.

Na msimu ukimalizika chungu kisipinduliwe. Kirudi nacho nyumbani. Kuna jirani mgonjwa, kuna mzazi, kuna mzee ambaye watoto wake wako Unguja, Dar es Salaam au ng'ambo, na ambaye hana wa kumpikia. Kuna rafiki mliyenuniana kwa sababu ya mpaka wa shamba. Tumewahi kuona ugomvi wa mpaka uliowashinda wazee wa mji ukalainika kwa bakuli la supu ya pweza, kwa sababu aliyeletewa ilimbidi arudishe bakuli, na aliporudisha ilimbidi aseme salamu.

Twapendekeza basi kwamba katika mkutano ujao, kabla ya msimu kuingia, kila tawi lizungumze habari za chungu cha kambi kama lizungumzavyo habari za majamvi na magunia. Wenye mashamba madogo yaliyopakana waweke chungu kimoja kwa pamoja na wagawane gharama. Asiyekubaliana nasi na atuandikie, nasi tutaipiga chapa barua yake katika kurasa hizi hizi.

Karafuu hupanda na kushuka bei, na mwaka mmoja miti huzaa, mwaka mwengine hulala. Hayo hayamo mikononi mwetu. Lakini mtu anayepanda mti wetu alfajiri, amekula nini, hilo limo mikononi mwetu.