Ni Nani Walioasisi Makerere?



Vyuo vina desturi ya kuhesabu miaka yao kama mzee ahesabuvyo wajukuu, na kila hesabu ya mviringo ikitimia, masufuria hutiwa motoni, bendera hutundikwa, na wakubwa huketishwa mbele. Hapana mwenye akili atakayelaumu furaha hiyo. Lakini yafaa kuulizana: miaka inayohesabiwa ni ya nani? Twasema habari ya chuo cha Makerere, maana ndicho kilichotuletea matabibu, walimu na maafisa wa kilimo katika nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki, nasi watumishi tu warithi wa kazi yao, tukitaka tusitake.

Mwaka 2022 Makerere kilifanya sikukuu ya kutimiza miaka 100. Sasa chukua kalamu ukafanye hesabu. Ukianza tarehe 1 Julai 1970, siku kilipokuwa Chuo Kikuu chenye kujitegemea, utapata miaka 52 tu. Ukianza mwaka 1963, kilipoingia katika Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, utapata 59. Ukianza mwaka 1949, kilipofungamana na Chuo Kikuu cha London, utapata 73. Ili uifikie mia huna budi kurudi nyuma hata 1922, wakati ilipofunguliwa shule ya ufundi juu ya kilima kile, wakaingia vijana 14 wa kutwa, nao wakafundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Basi mia yote, pamoja na majoho yake na hotuba zake, imesimama juu ya meza ya seremala. Ondoa vijana wale 14, na sikukuu yenyewe hapana.

Je, maseremala hao walipata heshima gani? Kazi za mikono ziliondolewa mlimani mapema, zikaenda njia yao, na mafunzo ya namna hiyo leo mtu huyatafuta Kyambogo. Wenye randa wakatoka, wenye kalamu wakabaki. Na ilipofika siku ya kugawa pilau, wenye kalamu wakachukua umri wa wenye randa wakaufanya umri wao. Kwa desturi ya kwetu, mtu alaye urithi wa marehemu hutaja jina la marehemu.

Mtasikia katika hotuba za namna hii habari ya Magavana, na wakuu wa chuo, na Tume iliyokuja mwaka 1937 chini ya Earl De La Warr ikashauri kiinuliwe kiwe chuo cha elimu ya juu. Hatuwanyimi haki yao. Tume ile ilifanya kazi kubwa. Lakini neno ‘mwasisi’ limekuwa jina la mtu aliyetia sahihi, wala si jina la mtu aliyeketi darasani wakati hapakuwa na mtu aliyejua kama cheti chake kitafaa kitu. Sisi tuliokaa ofisini twajua tofauti ya mtu atiaye sahihi jalada na mtu alibebaye.

Wakumbukeni matabibu wa kwanza. Walisoma miaka mingi Makerere na Mulago, wakatibu watu, wakapasua, wakazalisha. Na walipoingia katika kazi ya Serikali wakapewa cheo cha wasaidizi, chini ya Mzungu aliyekuja jana. Heshima ya chuo ilijengwa na watu hao, wilaya kwa wilaya, kwa mshahara mdogo. Siku ya sikukuu hutajwa kwa jumla, ‘wahitimu wetu,’ kama mtu atajavyo magunia ya pamba. Wanaotajwa kwa majina ni waliopata kuwa Marais. Mwalimu Nyerere alisoma huko tangu 1943 hata 1945, na ni haki yake kutajwa. Lakini yeye mwenyewe akiwa mwanafunzi alifanya chama pamoja na Andrew Tibandebage, chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika, na chama hakifanywi na mtu mmoja.

Tena liko neno la wanawake. Chuo kilikuwa na wito wake wa zamani, uliosema kwa Kiingereza, ‘Na tuwe wanaume.’ Mwaka 1945 wakaingia wanawake 6. Wito ukawa hauwezi kusemwa tena bila watu kucheka, ukageuzwa, ukasema kwamba chuo chajenga kwa ajili ya siku zijazo. Hebu fikirini: wanawake 6, bila tume wala sahihi, walikibadilisha chuo hata maneno ya ngao yake. Ikiwa hao si waasisi, basi neno hilo halina maana, na tuliache.

Na kuna sikukuu nyingine isiyopendwa kusimuliwa. Miaka 50 ilitimia 1972, wakati wa Idi Amin. Mwaka huo huo Waasia walifukuzwa, na walimu wakaanza kukimbia. Na mwezi Oktoba Makamu Mkuu wa Chuo, Frank Kalimuzo, Mganda wa kwanza kushika cheo hicho, alichukuliwa na watu wa Serikali asirudi tena. Alikuwa mtumishi wa Serikali kabla ya kupelekwa chuoni, alikuwa mwenzetu. Mtu aandikaye historia ya sherehe za Makerere akaruka toka 1922 hata 2012, walipofurahia miaka 90, kisha hata 2022, ameficha ukurasa mmoja chini ya kitambaa cha meza.

Wako watakaotujibu: ‘Sikukuu ni ya kutafuta fedha, mgeni mkubwa asipotukuzwa hatoi.’ Jibu hili lina ukweli, nasi hatulicheki. Jengo Kuu liliungua tarehe 20 Septemba 2020, na mwaka wa mia uliadhimishwa likiwa bado linajengwa upya, hata likafunguliwa 2024. Fedha zilihitajiwa. Lakini tazameni jengo hilo lilivyosimama tena: kwa mawe, chokaa, mbao na chuma, yaani kwa kazi zile zile tatu walizojifunza vijana 14. Hapakuwa na siku bora kuliko hiyo ya kumweka fundi katika kiti cha mbele, karibu na huyo mgeni.

Wengine watasema kuwa vyuo vyote hufanya hivyo. Naam, hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huhesabu miaka yake tangu Oktoba 1961, ingawa kilijitegemea 1970. Lakini hapo husimuliwa kwa fahari kwamba kilianza katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Udogo wa mwanzo haukufichwa, na hapana aliyeona haya.

Basi twaomba nini? Kwanza, daftari la wanafunzi wa 1922, likiwa limehifadhiwa, lifunguliwe, na majina 14 yasomwe kabla ya jina la Waziri ye yote. Pili, Kyambogo waalikwe kama ndugu wa nyumba moja, wala si kama majirani. Tatu, wanawake 6 wa 1945 na Kalimuzo wawe na siku yao katika kalenda ya chuo. Nne, sehemu ya hotuba isemwe kwa Kiswahili. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikusanyika Makerere, lakini mkutano ulikuwa wa waandikao kwa Kiingereza tu. Na Shaaban Robert, mtumishi wa Serikali ya Tanganyika kama sisi, akafa mwezi huo huo bila kuketi kati yao.

Wanachama waliosoma mlimani watakapoletewa barua ya mchango wa sikukuu ijayo, na waijibu kwa kuuliza ratiba kwanza: nani atasema, nani atatajwa, nani ataketi wapi. Barua hiyo itiwe nakala kwa Katibu wetu.

KARANI WA BARA