Wissa, Bakambu, Mbemba: nani anasifiwa kupita kiasi, na nani hahesabiwi?

Wissa ao Mbemba? Bakambu angali na mahali katika timu, ao muda wake ulipita? Tangu Leopards walipoondoa Nijeria kwa penalti kule Rabat, tarehe 16 Novemba 2025, mabishano haya hayaishe katika miji ya Butembo na Beni. Yanasikika kwenye parking za wamotari, sokoni, na mbele ya kila televizyo yenye kuonyesha mechi za Ulaya. Kila mutu ana muchezaji wake mwenye "anasifiwa bure", na mwingine mwenye "watu hawamuone".

Ni mabishano ya furaha. Lakini ukiyasikiliza vizuri, utaona kama karibu watu wote wanapima muchezaji kwa vitu viwili: bei yake na mabao yake. Vipimo hivyo viwili vinadanganya mara mingi, na wenye kuumia zaidi ni vijana wenye hawana bei wala kamera.

Bei haiingie uwanjani

Tuchukue Cédric Bakambu. Katika mwaka wa 2018, aliacha Villarreal ya Hispania, akaenda Beijing Guoan ya China kwa feza karibu milioni 40 za euro. Tangu siku ile, watu wanamungoja afanye mambo ya milioni 40 kila mara anapogusa mupira. Katika CAN ya Côte d'Ivoire, Januari 2024, penalti yake iligonga muti wa goli mbele ya Moroko, na wengi wakafunga hesabu yake palepale. Lakini si Bakambu aliyepanga bei ile. Soko la China wakati ule lilikuwa linalipa kupita masoko mengine mingi.

Yoane Wissa naye alifunga mabao 19 katika ligi ya Uingereza, musimu wa 2024-2025, akiwa na Brentford. Newcastle wakamununua kwa karibu milioni 55 za pauni. Hakuna mwenye atasema kama mabao 19 ni bure. Lakini siku za Rabat, Wissa hakuwa uwanjani: aliumia goti mwezi wa Septemba, wakati Leopards walicheza na Senegal kule Kinshasa. Timu ikafaulu bila muchezaji wake wa bei kubwa. Hiyo haimaanishe kama Wissa anasifiwa kupita kiasi. Inamaanisha tu kama bei inaonyesha kile klabu moja ilikubali kulipa siku moja. Haionyeshe zaidi.

Kwa Chancel Mbemba, mambo yalikuwa kinyume. Musimu uleule wa 2024-2025, Marseille walimuweka pembeni, na watu wengi wakasema ameisha. Tarehe 13 Novemba 2025, katika dakika za nyongeza, yeye njo alifunga bao la pekee lenye liliangusha Kameruni. Siku tatu nyuma, yeye tena alipiga penalti ya mwisho mbele ya Nijeria. Wapenzi wa Porto hawakushangaa: katika fainali ya kombe la Ureno ya 2020, mulinzi huyu alifunga mabao yote mawili ya timu yake mbele ya Benfica.

Kamera inafuata mabao na vichekesho

Magardien njo wanajua zaidi uchungu wa kutohesabiwa. Katika CAN hiyo ya 2024, Lionel Mpasi alikuwa anachezea Rodez, timu ya divizyo ya pili ya Ufaransa. Hakuna mutu katika Butembo aliyenunua maillot ya Rodez. Ila mbele ya Misri, gardien wa Misri alipogongesha penalti juu, Mpasi akaja, akapiga yake, akafunga, na Leopards wakaingia robo-fainali. Kule Rabat, kocha Sébastien Desabre aliingiza Timothy Fayulu, muchezaji wa klabu ya Armenia, mwisho kabisa wa mechi juu ya penalti tu. Kazi yake ilikuwa ya dakika chache, na aliifanya.

Wazee wanakumbuka mufano mwingine. Katika Desemba 2010, TP Mazembe ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Dunia ilichukua picha ya Robert Kidiaba akirukaruka kwa matako. Lakini Pachuca ya Mexico na Internacional ya Brazil zilishindwa kumufunga hata bao moja. Hiyo, wachache njo wanaisema.

Na kuna ile ya 1974. Mpaka leo watu wa inchi nyingi wanamucheka Mwepu Ilunga, juu alitoka katika ukuta na kupiga mupira wa Wabrazil mbele ya wao kuupiga. Mwaka uleule, Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika CAN ya Misri, pamoja na mabao yote manne ya Zaire katika fainali na marudio yake. Hakuna mutu aliyefikia mabao hayo katika CAN moja. Ni vijana wangapi wa leo wanajua jina lake? Picha ya sekunde chache imeshinda mabao tisa.

"Wa diaspora" na wa hapa

Mabishano mengine ni juu ya wachezaji waliozaliwa Ulaya. Kuna wenye wanasema hao hawana uchungu wa inchi. Lakini tarehe 7 Februari 2024, mbele ya nusu-fainali na Côte d'Ivoire, timu nzima ilifunika kinywa kwa mukono mumoja na kuweka vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki, juu ya mauaji ya mashariki. Timu ilipoteza 1-0. Katika Beni, ambako watu wanazika wapendwa wao tangu 2014, hakuna bao lenye lingeweza kusema vile.

Kwa upande mwingine, mabao mawili ya Rabat yalifungwa na Mbemba na Meschack Elia. Wote wawili wanatoka Kinshasa, na Elia alipitia Mazembe. Basi kijana mwenye kukomaa katika inchi anaweza kufika. Lakini njia inapita Kinshasa na Lubumbashi, kule wanunuzi wanatazama.

Butembo ilituma AS Nyuki katika ligi ya taifa, lakini tangu 2018 eneo hili limepitia Ebola, hali ya kuzingirwa tangu Mei 2021, mauaji kwenye barabara, na vita vyenye vilichukua Goma katika Januari 2025. Timu yenye haiwezi kusafiri inacheza mechi kidogo. Timu yenye inacheza kidogo, hakuna mwenye anaipiga picha. Na muchezaji mwenye hana picha, hana bei. Huyo, hata kumudharau hakuna mwenye amemudharau: hakuna bado mwenye amemutazama.

Hapa wakaaji wana nguvu kidogo, na haiombe feza mingi. Simu ile yenye inaonyesha mabao ya Newcastle inaweza pia kuchukua mechi ya mutaa: dakika 90 zote, si bao tu, na kuandika jina la muchezaji, mwaka wake wa kuzaliwa na timu yake. Mwenye kutafuta beki ao gardien anahitaji kuona mutu anasimama wapi wakati mupira uko mbali. Hiyo haionekane katika video ya sekunde 30.