Usitie Kidole Kabla Hujafanya Hesabu

Ndugu Wafanya Kazi,

Katika viwanda, mashamba, bandari na majengo ya nchi yetu watu huumia kila siku. Mmoja mashine humkata vidole, mwingine huanguka kutoka jukwaani, mwingine huunguzwa na dawa. Hayo twayajua sote. Tunalotaka kusema leo ni lile linalofuata baada ya damu kufutwa sakafuni.

Mara nyingi huwa hivi. Karani wa kampuni huja hospitali na bahasha. Ndani mna shilingi 15,000 na karatasi iliyoandikwa Kiingereza. Mgonjwa huambiwa, "Tajiri amekuhurumia. Tia kidole hapa." Naye, kwa kuwa nyumbani hakuna unga, hutia kidole. Karatasi ile yasema kwamba amekwisha lipwa yote, wala hana dai tena.

Ndugu, fidia si huruma. Fidia ni deni. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, iliyoshika mahali pa sheria ya zamani ya fidia, Sura 236, yamlazimu kila tajiri kuwakatia watu wake bima na kulipa gharama za matibabu ya aliyeumia kazini. Mtu akishindwa kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi, ana haki ya kulipwa akiwa bado anaugua. Na akibaki na kilema cha maisha, fidia yake hupimwa kwa mshahara wa miezi 96.

Tufanye hesabu pamoja. Mtu apata shilingi 20,000 kwa mwezi. Mara 96 ni shilingi 1,920,000. Daktari akiandika kwamba kilema chake ni sehemu 10 katika 100, fidia ni shilingi 192,000. Sasa iweke ile bahasha ya shilingi 15,000 kando ya hesabu hii, uone huruma ya tajiri ilivyo.

Je, aliyekwisha tia kidole amepotea? La. Sheria yasema mapatano ya kumfanya mfanya kazi aache haki yake ya fidia ni bure, hayana nguvu. Lakini ndugu, sheria haitembei kwa miguu kuja kukutafuta nyumbani. Ukinyamaza, karatasi ile ya bure itafanya kazi kama karatasi ya kweli.

Basi shikeni mambo haya:

1. Ukiumia, mwambie mkubwa wako upesi, kwa mdomo au kwa barua. Kwa barua ni bora. Andika siku, saa, mahali, na majina ya walioona. Weka nakala yako.

2. Tajiri akipata habari ana siku 7 za kupeleka taarifa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Usikae ukiamini kwamba amepeleka. Mwambie mwakilishi wa Chama aulize.

3. Dai la fidia lipelekwe kabla ya miezi 12 kwisha tangu siku ya ajali. Wengi hungoja kidonda kipone, kisha wangoje ahadi ya meneja, na mwaka unakwisha.

4. Usipokubali uamuzi wa Mkurugenzi, peleka malalamiko yako kwake kabla ya siku 60. Ukikataa na jibu lake, waweza kukata rufani mahakamani. Usianze na mahakama: tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilikata shauri kwamba njia hii ya sheria ni halali, na madai yaanze kwa Mkurugenzi. Wakili akitaka pesa zako aende moja kwa moja kortini, muulize kwanza.

Kuna maneno mawili ya kutishia watu. La kwanza: "Ulivunja amri ya nyapara, huna haki." Si kweli, ikiwa ulikuwa ukifanya kazi ya tajiri na kwa faida yake. Anayenyimwa ni yule aliyejiumiza kwa makusudi au kwa utovu mkubwa wa nidhamu, na hata huyo hanyimwi akipata kilema kikubwa au akifa. La pili: "Wewe ni kibarua tu." Kibarua naye ameajiriwa kwa ujira, na mashine haiulizi cheo kabla ya kukata.

Tena kuna la nyumbani. Mfanya kazi akifa kazini, fidia ni ya wale aliokuwa akiwalisha: mjane, watoto, na wazee waliomtegemea. Hapo ndipo ugomvi huzuka, shemeji wakisema, "Mke huyu hatumjui." Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yataka ndoa zote ziandikishwe, hata za kimila. Kaiandikishe yako ungali hai. Chukua vyeti vya watoto vya kuzaliwa. Na shamba, ng'ombe au akiba ya marehemu, hakuna ruhusa ya mtu kuvigawa kabla ya korti kutoa kibali. Sheria ya Urithi, Sura 160, yahesabu hilo kuwa kosa la jinai, hata kama ni ndugu wa tumbo moja.

Wawakilishi wa Chama, neno hili ni lenu hasa. Kila tawi liwe na daftari la ajali. Mtu akipelekwa hospitali, mmoja wenu awe kando ya kitanda chake kabla ya karani kufika na bahasha. Na wewe mwanachama, ukiletewa karatasi usiyoielewa, sema maneno haya tu: "Iache hapa. Nitaisoma pamoja na Chama changu."

Haki haiozi kwa kungoja siku moja. Kidole kikishatiwa, ni kazi kukifuta.

Umoja ni Nguvu.