Picha Haikai Pale Unapoiona

Ofisini kwetu, kila anayeanza kutumia Obsidian, programu ya kuandikia noti, huniletea kompyuta yake kabla wiki mbili hazijaisha, na mara nyingi kinachomsumbua ni picha. Namuuliza amefanyaje. Majibu ni yaleyale miaka yote, tena yanasemwa kwa uhakika mkubwa. Nimechoka kuyajibu kwa mdomo.

"Picha nimeshaibandika, kwa hiyo imo ndani ya noti."

Haimo. Neno kubandika lenyewe ndilo linalotuponza: akilini tunaiona ile picha ya pasipoti iliyopakwa gundi kwenye fomu, ukiichukua fomu umeondoka na picha. Obsidian, iliyotoka mwaka 2020, huhifadhi kila noti kama faili la maandishi matupu, lenye .md mwishoni, na maandishi matupu hayabebi picha. Kinachoingia kwenye noti ni mstari mmoja, tuseme ![[ubao.jpg]], unaoiambia programu: katafute faili linaloitwa ubao.jpg, ulionyeshe hapa. Faili lenyewe liko pembeni. Usipogusa mipangilio, litawekwa kwenye folda kuu, likachanganyikane na kila kitu chako.

Mimi nililijua hili kwa aibu. Nilimtumia mwenzangu kwa WhatsApp noti za mafunzo ya siku tatu, faili moja dogo, nikajisifu moyoni kwamba sijamla bando. Baada ya saa moja akaniandikia: "Kaka, michoro iko wapi?" Michoro yote 43 ilikuwa mezani kwangu. Yeye alipata mabano, na majina ya picha ndani ya mabano. Siku hizi kila mradi una folda yake, na ndani yake folda ndogo ya picha, niliyoichagua kwenye mipangilio ya viambatisho. Mtu akizihitaji noti namtumia folda nzima ikiwa imefungwa kwa zip, au PDF ikiwa anataka kusoma tu.

Wakishaelewa hapo, mambo mengine mawili hujieleza. Ukilibadilisha jina faili la picha nje ya Obsidian, noti itabaki inamwita mtu aliyekwisha badili jina. Na ukiufuta ule mstari, picha haijafutika. Bado ipo kwenye folda, inakula nafasi kimyakimya.

Wanaotoka kwenye Word au OneNote siwalaumu. Huko picha huingia kweli ndani ya faili. Chukua hati ya docx, ibadilishe mwisho wa jina uwe zip, uifungue: utazikuta picha zako zimelala kwenye folda iitwayo media.

"Nimeipunguza, sasa ni nyepesi."

Umeipunguza machoni. Ukiandika ![[ubao.jpg|300]], picha itaonekana kwa upana wa pikseli 300, na urefu utajipanga wenyewe kwa uwiano. Lakini nenda kwenye folda ukaliangalie faili: kama lilikuwa na MB 3.5, bado lina MB 3.5. Namba 300 ni maelekezo ya kuonyesha, kama kulitazama gari ukiwa ghorofani. Gari halijapungua.

Uzito unapungua pale tu unapozigusa pikseli zenyewe. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12. Ishushe hadi 1600 kwa 1200 katika programu yoyote ya kuhariri picha na zitabaki chini ya milioni mbili, yaani hata sehemu moja ya sita haifiki, na mwandiko wa ubaoni bado utasomeka. Ile michoro yangu 43 ilikuwa na takriban MB 150 kabla sijafanya hivyo. Ifanye kazi hii kabla ya kubandika. Baadaye hutakuwa na moyo.

"PNG ndiyo bora siku zote."

Inategemea umepiga nini. JPEG, ya mwaka 1992, huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa yale ambayo jicho halitayakosa sana. Kwa picha ya watu au ya shamba hilo ni jambo jema. Kwa picha ya skrini iliyojaa maandishi, ndilo lile vumbi linalozizunguka herufi, na hapo PNG haina mpinzani kwa sababu haitupi kitu. Ila kuichukua JPEG iliyokwisha chakaa na kuihifadhi kama PNG hakurudishi kilichopotea. Unaongeza uzito tu.

"Markdown haiwezi kupanga picha."

Hapa wana nusu ya haki. John Gruber alipoitoa Markdown, mtindo wa alama unaotumika kwenye hayo mafaili ya .md, mwaka 2004 hakuweka alama yoyote ya ukubwa wa picha. Aliyeuhitaji aliambiwa atumie HTML. Ile |300 ni nyongeza ya Obsidian, na ukiipeleka noti kwenye programu nyingine huenda isieleweke. Kuiweka picha kulia maneno yakaizunguka kunahitaji kipande kidogo cha CSS, msimbo wa kupanga mwonekano, ndani ya folda ya snippets, kisha unaandika ![[ubao.jpg|kulia|300]] na ile CSS inalikamata neno "kulia". Nimewahi kuitengeneza, ikanipendeza kwa wiki moja, nikaiacha. OneNote nayo, pamoja na uhuru wake wa kuburuta picha popote, haiyafanyi maneno yaizunguke picha.

"Nimekata kipande chenye siri."

Machi 2023 watafiti walionyesha kwamba kikatio cha picha kwenye simu za Google Pixel kilikuwa kinaacha data ya picha ya mwanzo ndani ya faili, na sehemu iliyokatwa ikaweza kurudishwa. Kikatio cha Windows 11 nacho kikakutwa na kasoro hiyohiyo. Zilirekebishwa, ila picha zilizokatwa kabla ya hapo zilibaki kama zilivyo. Kama ni namba ya kitambulisho, mimi huifunika, kisha naipiga picha ya skrini upya na kuibandika hiyo mpya.

"Picha inajieleza."

Ijumaa nilikuwa natafuta mchoro wa mabomba ya maji ambao nina hakika niliupiga picha. Nikaandika "mabomba" kwenye kisanduku cha kutafutia, hakuna. Obsidian yenyewe haisomi maneno yaliyo ndani ya picha, na nilipobandika sikuandika hata neno moja chini yake. Nikafungua folda. Pasted image 20230914101522. Pasted image 20230914101547. Pasted image 20230914101603. Nimefika ya sitini na kitu, na bado sijaiona.